UZI: Mtandao ukikata Ukerewe, nani anapeleka taarifa wilayani? Redio za ridhaa na yaliyotukuta

FundiWaKirumba (mwanzisha uzi)

Mwangaluka wakuu. Uzi huu niliuahidi tangu masika, kila siku nasema kesho. Leo umeme umekatika Kirumba yote hapa Mwanza, wateja hawaji, na mimi nina betri. Basi tuandike.

Kwa wasionijua: mkate wangu ni spika, redio za magari na ving'amuzi vilivyopigwa na radi. Ila ugonjwa wangu ni redio za ridhaa. Ridhaa ni ile ile ya mpira wa ridhaa, unacheza na hulipwi. Unaomba leseni TCRA (mamlaka ya mawasiliano), unapewa alama ya wito, na unaruhusiwa kurusha mawimbi kwenye masafa yaliyotengwa kwa ajili hiyo, kwa vifaa vyako na pesa yako. Alama za Tanzania zinaanza na 5H, Kenya 5Z, Uganda 5X. Kwa hiyo mtu akiita tu hewani, nimeshajua yuko upande gani wa ziwa kabla hajanisalimia.

Wazee wanaikumbuka simu ya upepo ya misheni na ya polisi: "ova", "roja", mtu amekunja uso kwenye kipaza sauti. Hii ni ndugu yake wa damu.

Sasa hoja yangu. Nchi nyingine watu hawa wana kiti kinachojulikana kwenye chumba cha maafa. Marekani wana kikosi kinaitwa ARES, chini ya chama chao cha ARRL kilichoanzishwa 1914, na kuna mpango mwingine wa kiserikali, RACES, tangu 1952. Uingereza wana RAYNET, iliyozaliwa baada ya mafuriko ya Bahari ya Kaskazini ya 1953. Wale ni wajitolea, wengine ni mafundi bomba na wastaafu, lakini mkuu wa maafa wa eneo anawajua kwa majina na wanafanya mazoezi kila mwaka bila kusubiri maafa yaje.

Kuna kisa ninachokipenda kuliko vyote. Desemba 2004 mama mmoja wa India, Bharathi Prasad, alikuwa visiwa vya Andaman na wenzake wakirusha redio za ridhaa kwa starehe tu. Tarehe 26 tsunami ikapiga. Mawasiliano ya visiwa yakakatika, na redio ya starehe ikageuka kuwa mdomo wa visiwa kwenda bara.

Mimi nikaangalia ziwa letu nikajiuliza: huku je?

Nitaendelea baada ya kula.

---

NgoshaWaIgogo

Nimekaa mkao wa kula. Ila mkuu usije ukabebwa kwa kosa la ujasusi, tukaanza kukuchangia wakili humu.

---

DagaaMchele

Fundi, kwa heshima zote, hii ni biashara ya mwaka 47. Kila mvuvi ana simu mbili, magroup ya WhatsApp yamejaa. Na nikuulize swali gumu: waliozama na MV Nyerere 2018, redio yako ingewaokoa?

---

FundiWaKirumba

Mkuu DagaaMchele, umeuliza swali la kiume, nalijibu bila kuzunguka. Hapana. MV Nyerere ilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 ikiwa karibu kabisa na gati la kisiwa cha Ukara. Kivuko cha abiria 101 kilibeba zaidi ya mara mbili, na watu zaidi ya 220 wakafa. Waliokuwa nchi kavu waliona kwa macho yao. Hakuna redio ya kuzuia hilo. Hata meli ya MV Bukoba iliyozama Mei 21, 1996, shida haikuwa mawasiliano. Na ile ndege iliyoanguka Novemba 2022 Bukoba, wavuvi walifika na makasia yao kabla ya mtu yeyote. Mtu akikwambia redio inaokoa watu majini, mwambie arudi shule.

Mimi naongelea saa na siku zinazofuata. Watu maelfu wanapiga simu mnara mmoja kwa wakati mmoja, wengine kutoka Dar, wengine Shinyanga, kila mtu anatafuta ndugu yake. Mnara unajaa. Umeme nao ukiwa umekatika, mnara unaishi kwa betri na jenereta, na jenereta inataka dizeli, na dizeli inataka boti. Hapo wilaya inauliza: mwaloni, pale boti zinapotia nanga, wapo wangapi? Majeneza mangapi? Mahema yaende Bwisya kule Ukara au yabaki Nansio, mji wa wilaya? Maswali matano tu. Ila yafike, na yafike jinsi yalivyo.

Magroup ya WhatsApp yapo, sikatai. Siku hiyo utapata idadi saba za marehemu ndani ya saa moja, kila moja na aliyeapa kwamba ameona mwenyewe.

---

BahariaMstaafu

Kijana, nimeendesha meli ziwa hili miaka mingi. Usichanganye watu. Chombo kikiwa matatizoni kinaita chaneli 16 ya redio za vyombo vya majini, megahezi 156.8. Hiyo si uwanja wenu wa kucheza.

---

FundiWaKirumba

Shikamoo mzee. Nimekubali, na ningeanza na hilo. Chaneli 16 ni ya vyombo, sisi hatuigusi. Sheria za kimataifa zinamruhusu aliye hatarini kutumia njia yoyote aliyo nayo kuita msaada, lakini hiyo ni kwa anayezama, si kwangu niliyekaa kwenye kiti Kirumba. Kazi yetu iko nchi kavu: kutoka mwaloni kwenda kisiwa kikubwa, kutoka kisiwa kwenda wilayani na mkoani.

---

FundiWaKirumba

Naendelea.

Nisiwadanganye kwamba kuna kikosi. Tupo watatu. Mimi hapa, mwalimu mmoja karibu na Nansio, na mzee mmoja Bukoba ambaye zamani alikuwa mtu wa redio melini. Wote tuna leseni.

Jambo la kwanza tulilojifunza ni kwamba ziwa ni pana na dunia ni mviringo. Simama ufukweni na kiredio cha mkono cha wati 5, mwenzako naye asimame ufukweni, hata mkinunua cha bei ya ng'ombe, kwenye kilomita 10 hivi mgongo wa maji unawakata. Nansio iko kama kilomita 45 kutoka hapa kwa mstari ulionyooka, Ukara zaidi ya 70, Bukoba kama 180. Ukipandisha antena kwenye kilima kilicho mita 200 juu ya maji, upeo unasogea hadi kilomita 58 hivi, lakini sasa unahitaji mashine ya kupokea na kurusha tena, sola, uzio na mtu wa kulala pale. Sisi hata pesa ya uzio hatuna.

Tukaenda njia ya maskini: masafa mafupi, megahezi 7. Waya wa umeme wa kawaida, mita 10 upande huu na mita 10 upande ule, umetundikwa chini, mita tatu au nne tu. Mtu akiona anadhani ni kamba ya nguo, na kweli mke wangu alishaanika khanga juu yake. Kwa nini chini? Mawimbi yanapaa karibu wima, yanagonga tabaka la juu la anga, yanarudi kama mvua. Shika mpira wa maji, elekeza juu kichwani kwako, uone nani analowa: wewe na wote waliokuzunguka. Hivyo ndivyo Kirumba inavyoongea na Nansio na Bukoba mchana bila mnara wala kilima.

Usiku ndipo kazi. Ungeshuka megahezi 3.5, lakini ziwa hili usiku ni mama wa radi. Upepo wa nchi kavu unatoka pande zote unakutana katikati ya maji yenye joto, mawingu yanapanda, na kwenye spika unasikia kama mtu anakaanga dagaa. Mwalimu anaita, nasikia silabi moja, kaango, silabi moja, kaango.

Na radi ikikaribia nyumbani kwako, unachomoa antena, unaitupa nje, unakaa kimya. Hiyo ni amri. Nina kapu la ving'amuzi vya watu waliosema "ngoja mechi iishe". Kwa hiyo ndiyo, kuna usiku ambao sisi ndio tunaotakiwa na sisi ndio tumezima. Anayekuuzia redio hakwambii hili.

---

NgoshaWaIgogo

Hapo kwenye khanga nimecheka mpaka konda kanigeukia. Umeme wa kuendesha hiyo mitambo?

---

FundiWaKirumba

Betri ya gari mkuu, ile N70. Redio ya wati 100 inavuta ampea 20 hivi ukirusha, kama 1 tu ukisikiliza. Ukirusha robo ya muda na hutaki kuiua betri kwa kuimaliza, unapata kama masaa sita. Ndiyo maana tunashusha hadi wati 25. Anayeongea sana anamaliza betri, na hiyo ni dawa nzuri ya wapenda hotuba.

---

MamaZahanati

Kaka fundi, niko kisiwani (sitaji kipi), zahanati. Mtandao ukikata, rufaa ya mama mjamzito tunampa mtu barua apande boti. Hivi redio yenu inaweza kusema mgonjwa fulani anakuja, ana hali hii?

---

FundiWaKirumba

Dada, kwanza pole na hongera. Kwenye dharura, ndiyo. Ila jua mambo mawili. La kwanza, redio ya ridhaa hairuhusiwi kuficha maneno kwa mafumbo. Kila mwenye kipokeo, kuanzia Musoma hadi Entebbe, anasikia. Kwa hiyo jina la mgonjwa halitajwi kamwe. Namba ya rejista yako, hali, saa ya kuondoka, basi. La pili, haturuhusiwi kuwa posta ya kila siku. Ikiwa kituo kinahitaji mawasiliano ya redio kila siku, kinatakiwa kuwa na masafa yake kwa leseni yake. Sisi ni wa siku mbaya.

---

Mwl_Visiwani

Mimi ndiye yule mwalimu. Fundi, waambie ya getini, na waambie ya wanne. Usifiche.

---

FundiWaKirumba

Mwalimu amenichoma. Haya.

Ya getini. Mara ya kwanza tulipoamua kujitolea ilikuwa siku ya mvua kubwa, maji yameingia majumbani bondeni, simu zinasumbua. Nikabeba redio, betri kwenye toroli, waya shingoni, nikaenda ofisi moja ya umma nikiwa na moyo wa Musa. Mlinzi akauliza: "Unaripoti kwa nani?" Sikuwa na jibu. Nikasema nimekuja kusaidia mawasiliano. Akanitazama mimi, akautazama waya, akanitazama tena. Nilikaa pale chini ya mwembe masaa matatu. Alitoka kijana mmoja akaniuliza kama ndiye fundi wa fotokopi.

Nilikasirika wiki nzima. Baadaye nikaona yule mlinzi alikuwa sahihi kabisa. Siku ya maafa mtu asiyejulikana mwenye mtambo ni tatizo la ziada, si msaada. Mimi ningekuwa mlinzi ningeita polisi.

Watu hawajui kwamba kamati zipo kisheria. Sheria ya Menejimenti ya Maafa ya 2022 imeweka kamati kuanzia taifa, mkoa, wilaya hadi kata na kijiji, na juu kabisa kuna idara iliyo Ofisi ya Waziri Mkuu. Mlango upo. Unaingia siku ya jua, umevaa shati safi, una nakala ya leseni yako na karatasi moja inayosema: sisi ni hawa, tunaweza hiki, hatuwezi kile. Tuliandika karatasi hiyo mara nne. Ya kwanza ilikuwa na kurasa sita na historia ya Marconi. Ya mwisho ilikuwa nusu ukurasa, na hiyo ndiyo iliyosomwa.

Ya wanne sasa. Hii ndiyo sababu hasa ya uzi.

Tulifanya zoezi letu wenyewe, hakuna aliyetutuma. Mwalimu kisiwani anaigiza mwalo, mimi naigiza wilaya. Ujumbe: boti imepinduka, watu wanne wameokolewa. Saa moja jioni, kaango limeanza. Mimi nikasikia nikaandika kwa mwandiko mzuri kabisa: WANANE.

Fikirieni wakuu. Boti ina watu wanane kwenye orodha ya kuondokea. Waliookolewa wanne. Mimi nimeandika wanane, wilaya inasema alhamdulillah wote wamepatikana, boti za uokoaji zinarudi. Wanne bado wako majini, usiku, kwa sababu ya herufi A.

Vitabu vyote vya redio za ridhaa tulivyosoma ni vya Kiingereza. Vinakufundisha namna ya kutenganisha herufi zao na tarakimu zao. Hakuna kinachokwambia kwamba nne na nane ni mapacha, na tatu na tano ni binamu kwenye mvumo. Ikabidi tujitungie. Sasa hivi tarakimu yoyote hesabu yake inasemwa kwa kupanda: "watu wanne, moja mbili tatu nne." Mpokeaji anasikia mapigo manne hata maneno yakiungua. Nane inapigwa mara nane. Kuanzia kumi na kuendelea tunataja tarakimu moja moja: "kumi na nne, moja, nne, moja mbili tatu nne." Inachosha. Ichoshe.

Halafu saa! Mzee wa Bukoba anaandika saa za dunia, kama wana ridhaa wote. Mimi naandika saa 20. Mwalimu anaandika saa mbili usiku. Zote tatu ni dakika ile ile: 17:00 ya dunia, 20:00 ya Afrika Mashariki, saa mbili yetu. Zoezi la pili tulikuwa na ujumbe uliopokelewa kabla haujatumwa, kwa mujibu wa daftari. Tukakubaliana: ndani ya nchi ni saa yetu ya Kiswahili na neno asubuhi, mchana, jioni au usiku, na pembeni tarakimu nne. Saa za dunia abaki nazo mzee kwenye daftari lake la kuongea na Wajapani.

---

BahariaMstaafu

Sasa unaongea, kijana wangu. Melini tulikuwa tunalazimishwa kusoma ujumbe wote kurudi. Anayepokea anasoma alichoandika, si alichosikia.

---

FundiWaKirumba

Ahsante mzee, hilo "alichoandika, si alichosikia" nalibandika ukutani leo leo.

Na ndivyo tunavyofanya. Daftari la hesabu la mwanafunzi, lile la miraba. Kila neno mraba wake. Juu: namba ya ujumbe, saa, kutoka, kwenda, idadi ya maneno. Mtumaji anataja idadi kabla hajaanza. Mpokeaji akimaliza anahesabu miraba. Isipolingana, hakuna "nimeelewa mkuu", inarudiwa yote. Na ujumbe si wetu, una sahihi ya mtu wa kamati au mwenyekiti wa BMU, kikundi cha usimamizi wa mwalo. Sisi hatuongezi neno, hata la huruma. Mara nyingi mikono inawasha kuandika "hali ni mbaya sana". Nani kakuuliza?

Kila siku tunayokutana hewani kuna mmoja anayeongoza, tunamwita mwenyekiti wa kijiwe. Bila ruhusa yake huropoki. Kwa wanaume watatu wa Kanda ya Ziwa hilo lilikuwa gumu kuliko antena.

---

DagaaMchele

Nimesoma yote. Kaka yangu huvua giza likiingia, mbali, huko simu inaonesha msalaba. Nimelainika kidogo. Ila bado naona mnacheza. Kupokea maneno kumi na kitu ndiyo mpaka muwe na leseni?

---

FundiWaKirumba

Karibu Jumamosi bandani mkuu. Hutarusha, huna leseni. Utasikiliza na kuandika tu. Saa tatu asubuhi, 09:00. Njoo na kalamu. Mwalimu atatuma ujumbe mmoja.

---

NgoshaWaIgogo

Jumamosi nipo na mimi. Sitaki kusimuliwa.

---

DagaaMchele

Wakuu nimerudi. Niko fair (Ngosha ni shahidi), hewa ilikuwa safi kabisa, mwalimu anasikika kama yuko chumba cha pili. Nimeandika hivi, mwandiko wangu mwenyewe:

"Mtumbwi mmoja watu wanne moja mbili tatu nne wazima mwaloni."

Rahisi. Fundi kakataa kunipa maksi, anasema nirudi nihesabu miraba. Nini shida hapo?

---

Mwl_Visiwani

Nilitaja idadi kabla ya kuanza. Maneno 11.

---

DagaaMchele

Nimehesabu. 10.

Limepotea lipi?

---

Mwl_Visiwani

La tisa. "Wote."